Kadi ya Idd Yenye Nyota ya Kiazi

Wino wa mhuri una harufu yake, na mtu akishaijua haimtoki puani. Ni kali kidogo, kama siki iliyotiwa mafuta ya taa, na chini yake kuna utamu fulani unaochefua. Mpaka leo, nikiingia katika ofisi yoyote ya serikali, harufu hiyo huifikia pua yangu kabla macho hayajamwona karani wala meza yake. Nilijifunza harufu hiyo Isiolo, nikiwa msichana wa miaka kama kumi hivi, wakati vita vya Shifta, wapiganaji waliotaka eneo letu lijiunge na Somalia, vilipokuwa vimepamba moto kaskazini mwetu. Wazee wetu Waborana wanakiita kipindi kile Gaf Daba, wakati kila kitu kiliposimama. Mimi nakikumbuka zaidi kama wakati watu walipoacha kutazamana usoni.

Mji wenyewe ulikuwa mdogo. Kulikuwa na barabara moja kuu ya vumbi, maduka yenye mabati yaliyolia jua likipanda, msikiti, kanisa, soko la mifugo ambalo sasa lilikuwa tupu, na kambi ya askari. Asubuhi, mawingu yakiwa bado hayajapanda, Mlima Kenya ulionekana kusini, mweupe kileleni, kama kitu kisichotuhusu. Baba yangu, Guyo, alikuwa mnunuzi wa ngozi. Stoo yetu nyuma ya nyumba ilinuka chumvi na ngozi mbichi, na zamani wachungaji kutoka Oldonyiro hadi Biliqo walikuwa wakija hapo, wakinywa chai, wakicheka. Vita vilipoanza, ngozi nazo zikawa na maswali. Askari walikuja wakazipindua moja moja wakitafuta alama za moto, wakiuliza huyu ng'ombe alikuwa wa nani, alichinjwa wapi, nani alikula nyama. Baba alijibu kwa upole, akiangalia miguu yao. Wachungaji wakaacha kuja. Hata salamu ikawa jambo la kupima. Mtu akipita mlangoni na kusema "Salaam aleikum", mama aliitikia, kisha alisimama kidogo dirishani kuona nani mwingine ameisikia.

Majirani zetu wa nyuma walikuwa Wameru. Karani Mwirigi alifanya kazi katika ofisi za serikali, alivaa koti hata wakati wa joto, na alikuwa na binti wa rika langu aliyeitwa Kanana. Kati ya ua wetu na wao kulikuwa na safu ya minyaa, na mahali pamoja minyaa ilikuwa imekufa ikaacha pengo ambalo mtoto angeweza kupita akiinama. Watu wazima hawakulizungumzia pengo lile. Sisi ndilo lililotukutanisha. Kanana alijua Kiborana cha kuchezea, mimi nilijua Kimeru cha kugombania, na kilichobaki tulikisema kwa Kiswahili chetu cha Isiolo, kisichojali sana sarufi ya mwalimu.

Idd ilikuwa inakaribia, na mimi nilikuwa na huzuni ya nyanya yangu. Akko, mama yake baba, ndiye aliyenilea upande wa Merti mpaka nilipofikia umri wa shule. Kila Idd nilikuwa nikipelekwa kwake kwa lori, nikilala juu ya magunia ya sukari, nikifika nikiwa mwekundu wa vumbi, naye akiniosha uso kwa maziwa kidogo na maji kidogo. Mwaka ule serikali ilikuwa imewakusanya watu wa upande ule katika kambi zilizozungushiwa miiba na kulindwa, wao na mifugo yao, na hakuna aliyeingia wala kutoka bila kibali chenye mhuri. Baba alikwenda kuomba kibali. Akaambiwa arudi wiki ijayo. Akarudi, akaambiwa hivyo hivyo. Mara ya mwisho alirudi nyumbani akakaa juu ya marundo ya ngozi bila kuvua kofia, na mama akanikonyeza nisimuulize.

Kanana ndiye aliyesema, "Kama huwezi kwenda, mtumie kadi." Mimi sikujua kadi ni nini. Alinieleza kwamba shangazi yake, aliyefundisha shule huko Meru, huwafundisha watoto kutengeneza kadi za Krismasi kwa mihuri ya viazi na maua ya rangi za maji, na kwamba mtu akiipata hujua anakumbukwa. Nikamwambia akko hajui kusoma. "Ndiyo maana kuna maua," Kanana akasema, kama mtu anayezungumza na mjinga.

Tulitengeneza kadi ile nyuma ya stoo ya baba, kwenye kivuli. Karatasi ilikuwa ile ngumu iliyokuja ndani ya shati jipya la baba yake Kanana, tukaikunja katikati. Rangi zilikuwa katika kibati kidogo cha shangazi yake, vidonge vikavu vilivyochimbika katikati kwa kutumiwa, isipokuwa buluu, ambayo ilikuwa karibu nzima. Burashi tulijitengenezea: nilinyofoa nywele laini kutoka ngozi ya mbuzi, tukazifunga kwa uzi kwenye kijiti. Nilichora maua ya mgunga, vile vifundo vya manjano vyenye manyoya, kwa sababu akko alipenda asali ya msimu wa mgunga. Nikachora na lile ua jekundu la mti mnene wa jangwani, ule usio na majani wakati wa ukame lakini una maua. Maji yalikuwa machache, tulichovya burashi katika kifuniko cha chupa, na rangi ya manjano ikaingiliana na nyekundu mahali pamoja ikawa kama jua la jioni. Hatukukusudia, lakini tulifurahi kama tuliokusudia. Juu ya maua nilipaka buluu, karibu yote iliyokuwapo, kuwa mbingu.

Kisha mihuri. Kanana alileta viazi vya Meru, akavikata nusu kwa kisu cha jikoni, akanionyesha jinsi ya kuchonga umbo na kuondoa nyama ya pembeni. Nilitaka mwezi mwandamo na nyota, kwa kuwa ilikuwa Idd. Mwezi ulikatika. Nikachonga mwingine, nao ukakatika kwenye ile ncha nyembamba. Nyota ilikubali, ingawa pembe yake moja ilitoka fupi. Kanana alikuwa amenifundisha nyota ya pembe tano, ile waliyoweka kwenye kadi za Krismasi kumwonyesha mtoto Yesu. Wino ulitoka kwa baba yake. Ofisini walikuwa wametupa kisahani cha bati chenye kitambaa cha wino kilichokauka, yeye akakiokota akampa mwanawe achezee. Tulikilowesha kwa maji na mate, zambarau ikaamka, na harufu ile ikatoka. Nikagandamiza nyota moja kubwa katikati ya mbingu ya buluu.

Mama alipoiona aliitazama muda mrefu. Aligeuza nyuma, akageuza mbele. "Mbona haina neno hata moja?" akauliza. Nikamwambia akko hajui kusoma. Alitabasamu, lakini niliona jicho lake limebaki kwenye nyota. Halafu akaifunga kwa kitambaa, akaiweka katika kifurushi cha majani ya chai na sukari, na kumpa Abdi, dereva wa lori lililopeleka chakula Merti pamoja na magari ya askari. Baba hakuiona. Hakukuwa na sababu ya kumwonyesha. Ilikuwa kadi ya mtoto.

Lori halikufika mbali; lilisimamishwa kizuizini na kupekuliwa. Siku iliyofuata, alasiri, nikiwa nachambua mchele mlangoni, nilisikia gari limesimama na milango yake ikafunguliwa yote kwa pamoja. Askari waliingia bila kubisha. Aliyekuwa mbele, afisa mrefu asiye wa huku kwetu, alimuuliza baba, "Nani anatengeneza mihuri hapa?" Baba hakuelewa. Akasema yeye ni mtu wa ngozi. Walipindua magodoro, wakamwaga chumvi, wakafungua tumbo la mto wa kulalia. Kisha mmoja wao akapata nyuma ya stoo kile kibati cha rangi, kisahani cha wino, na vipande vya viazi vilivyokwisha kujikunja kwa jua, vyenye zambarau usoni. Alivinyanyua kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika nge. Nilifungua kinywa niseme ni vyangu, mama akanivuta nyuma ya kanga yake na kunifunika mdomo. Wakamchukua baba. Nilipochungulia nje, milango ya mtaa mzima ilikuwa imefungwa, na nyuma ya kila mlango nilijua kuna jicho.

Yaliyofuata ndiyo ninayoyakumbuka kwa uchungu zaidi, kuliko hata kuja kwa askari. Mjini kulikuwa na habari za vibali bandia, watu waliokamatwa na karatasi zenye mihuri isiyo ya ofisi, kwa hiyo mihuri yetu ilikuwa jambo zito. Ndugu wa baba, Boru, alikuja akaketi akiegemea ukuta, akaongea kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa peke yetu. "Wino ule umetoka nyumba moja tu," akasema. "Na mtu anayefanya kazi pale ofisini ndiye anayejua wino wake uko kwa nani." Mama akasema Abdi angeweza kusema. Boru akatikisa kichwa. "Abdi mwenyewe yuko ndani. Huyu karani alimpa mtoto wino kwa makusudi. Aliuacha uingie hapa, kisha akaenda kupiga ripoti." Usiku wa kuamkia siku ya pili mama alinikalisha, akaanza kuniuliza. Je, baba Kanana amewahi kuniuliza wageni wetu ni akina nani? Je, amewahi kuuliza baba anakwenda wapi? Nikafikiri, nikakumbuka kwamba aliwahi kuniuliza kama baba amerudi kutoka Garba Tula. Aliuliza akiwa anafunga kamba za viatu, bila kunitazama. Wakati ule lilikuwa swali la jirani. Sasa, nilipolisema kwa sauti, likabadilika mbele yetu, likawa kitu kingine, na mama akavuta pumzi.

Nilikwenda kwenye pengo la minyaa. Mtu alikuwa ameliziba kwa matawi ya miiba, na miiba ilikuwa imesokotwa kutoka upande wao. Nilimwita Kanana polepole. Nikasikia mtu anatembea, kisha anasimama. Alikuwa pale. Nilisikia akipumua. Hakusema neno, nami sikusema tena. Nilirudi ndani nikiwa nimeshawishika kwamba Boru amesema kweli.

Mama alikaa siku mbili akipeleka chakula kituoni alikofungwa baba na kurudishiwa chombo bila kuambiwa kama kililiwa. Siku ya tatu aliniamsha, akaniosha, akanivika gauni langu la Idd lililokuwa bado na alama za kukunjwa, akajifunga kitambaa kichwani. Njiani alinishika mkono kwa nguvu. "Utasema ukweli juu yako," akaniambia. "Yote, usifiche. Lakini juu ya watu wengine huna ulimi. Umesikia? Sitaki mtu mwingine aingie ndani kwa kinywa cha mtoto wangu. Hata kama ni yule karani."

Yule afisa mrefu alikuwa mezani. Mama hakungoja kuulizwa. Alinisukuma mbele akasema, "Unatafuta mtu wa mihuri. Ni huyu. Mfunge huyu, mwachie mume wangu." Askari mmoja dirishani akacheka. Afisa hakucheka. Alifungua droo, akaitoa kadi yetu, akaiweka mezani, akaigeuza inielekee. Nilishangaa jinsi ilivyoonekana ndogo.

"Wewe ndiye ulitengeneza hii?"

"Ndiyo."

"Hii rangi ni ya nini?"

"Ni mbingu."

"Na hii?"

"Ni nyota."

"Mbingu gani hiyo iko na nyota mchana?"

Nilikuwa sijafikiria. Nikasema, "Mwezi ulivunjika," na nikaona askari wametazamana. Afisa akauliza mwezi gani. Nikasema mwezi wa kiazi. Akaniuliza kama najua buluu na nyota ya pembe tano ni bendera ya nani. Sikujua. Leo kila mtoto wa shule anajua bendera ya Somalia, lakini mimi wakati ule nilikuwa nimeona bendera moja tu maishani, ile iliyopandishwa shuleni kwetu. Alinitazama akitafuta uongo usoni mwangu, kama watu walivyokuwa wakitazamana mji mzima miezi ile. Kisha akaichukua kadi, akaisogeza karibu na dirisha. "Na kwa nini haina maneno? Mtu akiandika barua si anaandika maneno? Hii mgunga ni mahali gani? Hii ua nyekundu ni mahali gani? Hii si ramani?" Mama alisema mama mkwe wake hajui kusoma. Afisa akasema hao ndio huandikiwa kwa picha.

Halafu akamwambia yule askari wa dirishani, "Enda jikoni, lete viazi." Askari alidhani amesikia vibaya. "Viazi, afande?" "Viazi. Kubwa." Kililetwa kiazi chenye udongo. Afisa akakifuta kwa karatasi, akafungua kisu chake cha mfukoni, akaniwekea mbele pamoja na kibati chetu cha rangi, burashi, maji na karatasi nyeupe. Kisahani cha wino cha ofisi kilikuwa pale pale kwenye meza yake. "Tengeneza," akasema. "Kama ile."

Sijawahi kufanya kazi yoyote ngumu kama ile, nami nimezaa watoto na kuzika wazazi. Kisu kilikuwa kikali kuliko cha jikoni, na nilikikamata kiazi mpaka kikatoa maji. Mama alisimama nyuma yangu, nikasikia akisoma dua kwa kunong'ona. Nilikata nusu. Nikachora umbo kwa ncha. Nikaanza kuondoa pembeni, na nilipofika pembe ya mwisho kisu kikateleza, kama kilivyoteleza nyuma ya stoo. Nikapaka maua kwanza, manjano, kisha nyekundu. Nikapaka buluu iliyobaki, ambayo sasa haikutosha, ikaacha weupe pembeni. Nikagandamiza kiazi kwenye wino, harufu ikapanda, nikakiweka katikati ya mbingu na kukibonyeza kwa viganja viwili. Nilipokiinua, afisa alichukua kadi zote mbili akaziweka bega kwa bega. Nyota zote mbili zilikuwa na pembe moja fupi, upande ule ule wa kulia.

"Mkono ni moja," akasema, zaidi kwa nafsi yake. Nilidhani imekwisha. Lakini akainua kile kisahani kikavu tulichochezea, akakigeuza, na chini yake kulikuwa na herufi za ofisi. "Sasa niambie. Hii wino ulitoa wapi?"

Mama akaniwekea mkono begani. Haukuwa mzito, ila ulikuwepo. Afisa akauliza tena, kwa upole zaidi, na ule upole ulinitisha kuliko ukali. "Usiponiambia, baba yako atalala hapa tena leo. Na kesho. Ni wewe unamlaza." Nilianza kulia bila sauti. Jina lilikuwa kinywani mwangu, nakumbuka uzito wake. Nilimtazama mama. Yeye alikuwa anatazama ukuta.

Mlangoni mtu akakohoa. Alikuwa Karani Mwirigi, amevaa koti lake, kofia mkononi. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Alisema, "Habari ya asubuhi, afande. Wino ni wangu."

Afisa akamtazama. "Karani, unajua unasema nini?"

"Najua. Hicho kisahani kilikuwa kimetupwa, nikampa msichana wangu achezee. Na hiyo nyota ni yake pia, yeye ndiye alimfundisha huyu. Ni nyota ya Krismasi."

"Wewe mtu wa Meru unaingia mambo ya hawa watu kwa nini?"

"Siingii mambo ya hawa watu, afande," karani akasema. "Nimekuja kwa mambo ya wino wangu."

Tuliambiwa tutoke nje. Tulikaa chini ya ukuta, mama na mimi, na karani alibaki ndani na mlango ukafungwa. Alipotoka alipita mbele yetu kofia ikiwa bado mkononi, akainamisha kichwa kwa mama, mama akainamisha chake. Wakaishia hapo. Nafikiri kila mmoja alikuwa anajua ni nani anawatazama.

Baba aliachiliwa siku iliyofuata pamoja na Abdi. Uso wa baba ulikuwa umevimba upande mmoja, na kwa muda mrefu alitembea akishika ukuta. Kadi ya kwanza ilibaki kituoni. Ya pili, ile niliyoitengeneza mezani kwake, afisa aliigeuza nyuma, akaandika neno "Imekaguliwa", akaipiga mhuri wa kweli na kumpa Abdi aipeleke Merti. Sijui kwa nini. Labda alikuwa na nyanya mahali. Labda alitaka kuona itafika kwa nani.

Karani Mwirigi alihamishwa. Hakuna aliyesema ni adhabu, lakini familia ilipewa siku chache tu na lori likaja kuchukua vitu vyao. Asubuhi ya kuondoka mama alijaza maziwa katika kibuyu kilichofukizwa vizuri, akanichukua tukaenda kwa mlango wa mbele, sio wa nyuma. Mama Kanana alipokea, akashukuru, akakiweka chini bila kuonja. Macho yake yalikuwa mekundu na hayakututazama. Kanana alikuwa juu ya lori tayari, katikati ya viti vilivyopinduliwa. Tulitazamana. Niliinua mkono, naye akainua wake mpaka kifuani tu.

Nyumbani, wazazi wangu hawakukubaliana juu ya habari ile. Mama alisema mtu yule ametuokoa, na akamwombea kila Ijumaa. Baba alisema, "Alikuja kujiokoa. Alijua mtoto atamtaja, akawahi kujitaja." Waliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na jambo hilo hawakulimaliza. Baba alikufa akiamini lake.

Vita vilipokwisha, mimi na baba tulikwenda Merti. Akko alikuwa amekonda mpaka nikamtambua kwa sauti. Mifugo yake ilikuwa imeisha, ila mbuzi wachache. Nilimuuliza kama alipata kadi yangu, akashtuka. "Kadi gani?" Nikamweleza. Aliinuka, akafungua furushi lake, akatoa ndani ya vitambaa vingi kile kikaratasi, na hakunipa mimi, akampa baba, kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kitu cha hatari. Miaka yote ile alikuwa ameificha. Alikuwa ameuona mhuri wa nyuma na kujua ni karatasi ya serikali, na alikuwa na hakika inadai mbuzi wake waliobaki. Hakumwonyesha mtu aisome, kwa hofu kwamba msomaji angewaita askari. "Lakini akko," nikamwambia, "hukuona maua?" Akasema, "Maua niliyaona. Nikasema serikali imepata ujanja mpya." Baba akacheka, mara ya kwanza tangu kituoni, akacheka mpaka akafuta macho. Mimi sikucheka. Niliondoka nikaenda kukaa kando ya mto Ewaso Nyiro, na akko akaja kunitafuta, akakaa nami, akiuliza ni mkono gani nilioutumia kuchora.

Kanana nilimwona tena tukiwa wanawake wazima, hospitalini Meru, kila mmoja akiwa ameleta mjukuu. Aliniita kwa jina langu, "Talaso", kabla sijamtambua. Tulikaa kwenye benchi mpaka watoto wakalala mapajani. Aliniambia kwamba siku ile baba yake alipokuja kituoni, mama yake alilishika koti lake asitoke, akisema kama hawa si Shifta basi ndugu zao ni Shifta, na kwamba yeye mwenyewe alichapwa kwa ajili ya wino na kukatazwa kufungua mdomo kwenye minyaa. Nilimwambia yale ambayo baba yangu aliamini. Nilidhani atakasirika. Akamsogeza mtoto pajani. "Mimi pia nilimuuliza kabla hajafa," akasema. "Nilimuuliza, baba, ulikwenda kwa sababu yao au kwa sababu yako? Akaniambia alikwenda kwa sababu zote mbili, na kwamba kama angekuwa na moja tu asingefika."

Siku hizi barabara yetu ina lami mpaka Moyale, na vijana wanaviona vita vile kama hadithi ya watu wengine. Isiolo imekuwa kubwa, ina taa na majumba ya ghorofa, na watoto wa Kimeru, Kiborana, Kisomali na Kiturkana wanagombana kwa Sheng ileile moja. Hata hivyo, habari ya wizi wa mifugo ikitoka, naona milango ikifungwa mapema na watu wakiuliza jirani amerudi kutoka wapi. Mwaka jana Kanana alikuja kunitembelea, akaniletea ndizi na viazi kutoka Meru, kijana wake akituendesha kwa gari lake. Nilikuwa nimewapokea njiani, na kabla ya kuingia mjini tulisimamishwa kwenye kizuizi. Askari kijana, umri wa wajukuu wetu, aliinama dirishani. Alimtazama dereva, akamtazama Kanana, akasema, "Habari, mama." Kisha akaniona mimi nyuma na mtandio wangu. "Kitambulisho, mama."

Nilianza kupekua mkoba. Nimekuwa nikipekua mkoba hivyo maisha yangu yote, sikuona ajabu. Lakini Kanana alikuwa amekwisha kufungua wake. Alitoa kitambulisho chake ambacho hakuna aliyekiomba, akachukua changu mkononi mwangu, akaviweka kimoja juu ya kingine, akampa yule askari vyote viwili. Askari alimwambia, "Yako sijauliza, mama."

"Nimesikia," Kanana akasema. "Soma zote mbili."

Akavisoma vyote viwili, polepole, jua likitupiga, na magari yakajipanga nyuma yetu.